Mshale Usio na Kitenzi

Ramani ya dhana ni rahisi kueleza. Unaandika maneno makuu ya somo, kila moja katika kisanduku chake, unaviunganisha visanduku kwa mishale, kisha juu ya kila mshale unaweka neno linaloeleza kitu kimoja kinakifanya nini kingine. Anayeisoma kutoka kisanduku hadi kisanduku apate sentensi iliyokamilika: kinamasi huchuja maji, mkaa hutokana na miti. Kuichora ndiyo kazi, hasa ikiwa mnaichora watu sita na kila mmoja ana sentensi yake.

Walioianzisha ni Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1972. Walikuwa wamewahoji watoto wadogo kuhusu sayansi, wakaendelea kuwahoji mwaka baada ya mwaka kadiri walivyokua, hadi wakajikuta na marundo ya mahojiano na hawana njia ya kuonyesha fikra za mtoto zimehama kutoka wapi kwenda wapi. Ramani ilikuwa chombo cha mtafiti kumsoma mtoto. Kumpa mtoto mwenyewe kulikuja baadaye, na kuwapa watoto wengi ramani moja wagombanie kulikuja baadaye zaidi.

Nimeuweka mjadala unaofuata Nakivale, makazi ya wakimbizi katika Wilaya ya Isingiro, Uganda, kwa sababu sijui mahali ambapo ugomvi huo una mengi zaidi ya kuleta mezani. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao. Leo wengi wa wakazi wake ni Wakongo, na pamoja nao wamo Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, bila kuwasahau Wanyankore wenyeji ambao watoto wao wanakaa dawati moja na watoto wa wageni. Kwenye dawati hilo mmoja alianza shule kwa Kifaransa huko Kivu, wa pili kwa Kirundi, wa tatu alianzia chuoni kwa Kurani, wa nne kwa Runyankore. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza. Nje ya mlango wanacheza mpira kwa Kiswahili.

Wazungumzaji nimewatunga mimi, na shule yao, ya msingi na sekondari pamoja, haina jina. Nimewagawia hoja ambazo yeyote aliyewahi kufundisha darasa kubwa kwa lugha ya kuazima atazitambua. DOS ndivyo shule za Uganda zinavyomwita mkuu wa taaluma, mtu wa ratiba, mitihani na maumivu ya kichwa. Mwalimu ni Mkongo mwenye diploma ya chuo cha ualimu cha ISP Bukavu ambayo Uganda haijaitambua, kwa hiyo kwenye karatasi yeye ni msaidizi tu. Mkufunzi anatoka chuo cha ualimu Mbarara. Mama ni mzazi, anauza samaki wakavu soko la Base Camp. Mwanafunzi ni binti wa Kisomali wa S2, yaani mwaka wa pili wa sekondari. Mimi nina upande wangu, wala sitauficha.

DOS: Mwalimu, wiki iliyopita nilipita dirishani kwa S2. Nikaona gunia la mahindi ya msaada limetandikwa sakafuni, watoto wamelizunguka kama wacheza bao, na kelele zimenitangulia ofisini. Kipindi maradufu cha jiografia, dakika 80. Nilipoita madaftari, kurasa nyeupe. Mzazi akija na daftari jeupe mkononi, unataka nimwambie nini?

MWALIMU: Mwambie siku ile nilikataza kuandika.

DOS: Basi utamwambia wewe.

MWALIMU: Nitamwambia. Darasa lina watoto mia na kitu, DOS. Nikiandika ubaoni wao wananakili, na ninachopata ni nakala mia za mwandiko wangu. Hapo sijui nani ameelewa na nani ni hodari wa kunakili tu. Kwa hiyo nakata vipande vya karatasi kutoka madaftari yaliyokwisha. Kila kikundi kinapata vipande kumi na viwili vyenye maneno ya somo, na vingine vitupu. Mishale ni kamba za migomba, ambazo hapa Isingiro hakuna anayezinunua. Kila kamba ina fundo upande mmoja, na fundo ndilo kichwa cha mshale. Gunia tunaligeuza ndani nje, ndiyo karatasi yetu. Kamba hailali mpaka iwe na kitenzi juu yake, na kitenzi hakikubaliwi mpaka kikundi kizima kisome sentensi kwa sauti. Mmoja akisema si kweli, kamba inanyanyuliwa.

MKUFUNZI: Hapo kwenye kunyanyua ndipo ninapomsifu. Mbarara nimeona shule zenye karatasi za manila na kalamu za maka za rangi tano, na ramani zao hazifai. Mtoto akishachora kwa maka hakubali tena kukosolewa, kwa sababu atachafua karatasi. Kamba haina adabu hiyo. Na watu wanachanganya vitu viwili, DOS. Kuna ile michoro ya Tony Buzan, Mwingereza aliyeieneza kupitia televisheni ya BBC mwaka 1974: neno moja katikati, matawi ya rangi pembeni. Ni nzuri kwa mtu mmoja anayekusanya mawazo yake, lakini tawi halisemi kitu. Likitoka neno "mto" likaenda "samaki", mto umemfanya nini samaki? Umemlea, umemuua, umembeba? Kila mtu kikundini anaweza kukubali tawi hilo huku kila mmoja ana jibu tofauti kichwani. Wamekubaliana bila kuzungumza. Novak anawalazimisha waseme.

DOS: Madamu, kusema ni vizuri. Ila kikundi cha watu sita nakijua mimi. Wawili wanafanya kazi, mmoja anashika chaki ili aonekane anafanya kazi, watatu wanazungumzia Arsenal. Alama mnawapa wote sita.

MWALIMU: Ndiyo maana nina sheria: anayeshika kamba hasemi, anayesema hashiki kamba. Kila kitenzi kikikubaliwa wanabadilishana. Yule bubu wa kikundi zamu yake ikifika lazima aelekeze kwa mdomo kamba iwekwe wapi. Sidai kwamba wa Arsenal wameisha.

MWANAFUNZI: Naomba kuzungumza, kwa sababu kelele zilizofika ofisini zilikuwa za kikundi chetu.

DOS: Haya, jitetee.

MWANAFUNZI: Somo lilikuwa Mto Rwizi. Mimi nimekua hapa na nilikuwa nadhani maji ya ziwa yanatoka kwenye ziwa, basi. Mwalimu alituchorea tu njia ya mto: unaanzia milima ya Buhweju na majirani zake, unakatiza Mbarara, kisha unaingia kwenye mnyororo wa maziwa, Mburo, Nakivale, Kachera, Kijanebalola, hadi maji yafike Ziwa Viktoria. Halafu akatupa vipande. Kimoja kimeandikwa "wakimbizi", kingine "miti". Kikundini tulikuwa na Wanyankore wawili, Wakongo wawili, Mrundi na mimi. Mnyankore mmoja akachukua kamba ndefu kuliko zote, akailaza moja kwa moja: wakimbizi humaliza miti. Akasoma kwa sauti kama sheria inavyosema. Msichana wa Kikongo akaing'oa kamba. Akasema, sisi hatuli miti. Ndipo kelele zikaanza.

MAMA: Angeing'oa na mimi ningemsaidia.

MWANAFUNZI: Mwalimu akaja. Tulidhani ataamua. Aliuliza tu: miti ikikatwa inakwenda wapi? Tukaandika kipande kipya, "mkaa". Mkaa unakwenda wapi? Mwingine unapikia hapa, mwingine unapanda lori. Tukaandika "mji". Sasa mji hununua mkaa, na mji uleule huchota maji ya Rwizi, na mji uleule humwaga uchafu humo. Mrundi akasema mbona hamjaweka mashamba, vinamasi vya huko juu vimegeuzwa mashamba na malisho. Tukaweka. Kisha mchanga, maana watu huchimba mchanga mtoni wakajengee. Ile kamba ya wakimbizi na miti haikuondoka, DOS. Ilirudi ikiwa fupi: wakimbizi hukata miti kwa ajili ya kuni. Ni kweli, mimi mwenyewe hutumwa kuni. Ila ilikuwa kamba moja kati ya nyingi. Na yule kijana Mnyankore, bila kuulizwa, akasema baba yake naye huchoma mkaa.

DOS: Hilo ni somo zuri la kuishi pamoja. Mimi nimeuliza kuhusu jiografia.

MKUFUNZI: Jiografia ni ipi basi, kama hiyo siyo? Amekueleza chanzo, mwelekeo, matokeo, na kitu kimoja kinachofanya kazi tatu tofauti katika mfumo mmoja. Mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, siku hizi unauliza hivyohivyo: unampa mtoto tatizo la kijiji, unamwambia ashauri. Mtaala mpya wa sekondari ya chini tuliuanza mwaka 2020, na kundi lake la kwanza lilifanya UCE, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, mwaka 2024. Aliyenakili "umuhimu wa vinamasi, namba moja hadi sita" atatoa orodha. Swali litakuwa limemtaka amshauri mkulima.

(Naingilia kidogo. Mto huo ni somo ambalo mtunzi wa mitaala asingeliota akiwa Kampala: maji ambayo mkufunzi anayaoga Mbarara na maji yanayoingia ziwa la Nakivale ni ya mfumo mmoja, na watu wa pande hizi mbili hukutana zaidi kwa kulaumiana. Ningekuwa DOS ningelifanya somo la shule nzima kwa mwezi. Turudi kwao.)

MAMA: Mimi sijui kuchora. Nitasema la mzazi. Huyu binti amesimulia kwa Kiswahili kizuri, nimefurahi. Mtoto wangu yuko P6, darasa la sita. Mwaka kesho PLE, ule mtihani wa kumaliza msingi, na PLE haitamwuliza kwa Kiswahili. Kiswahili anacho, sokoni kipo bure, anakichukua kila siku akija kunisaidia kupima ndagala. Shuleni nimempeleka akachukue kile ambacho mimi sina cha kumpa. Sasa mkikaa naye mnagombana kwa Kiswahili dakika 80, mnamrudishia cha kwangu. Na daftari, Mwalimu. Sisomi Kiingereza, lakini najua kurasa zikijaa mtoto amefanya kazi. Mkiniondolea daftari mmeniondolea macho.

MWALIMU: Mama, hoja yako ni nzito kuliko ya DOS.

DOS: Asante sana.

MWALIMU: Ni nzito kwa sababu ni kweli. Nitakujibu nusu. Kila kipande kina pande mbili. Upande wa juu Kiswahili, au lugha yoyote iliyomtoka mtoto kwanza. Wakishakubaliana, tunageuza vipande kimoja kimoja na nyuma tunaandika Kiingereza, vitenzi pamoja. Hapo kazi ni moja tu, kutafuta neno, kwa sababu maana wameshaipata. Ukianza kwa Kiingereza, mtoto anatafuta maana na neno kwa wakati mmoja, na karamu mbili zilimshinda fisi. Anachofanya ni kunyamaza. Hapo hata ugomvi hupati. Utafikiri wamekubali.

MAMA: Na anayekuja na Kifaransa?

MWALIMU: Huyo ndiye aliyenifanya nianze. Alikuja mvulana kutoka Kivu katikati ya muhula. Kiingereza hana, akawekwa P4, umri wake ungeweza kuwa wa P7. Alikaa nyuma kimya, wenzake wakamwona mjinga. Siku ya somo la mimea nikamgawia vipande vitupu nikamwambia aandike anavyojua. Akaandika kwa Kifaransa mwanga, majani, hewa, sukari, mizizi, akaweka kamba zote, na vitenzi vyote vilikuwa sahihi. Somo ambalo nilikuwa nawafundisha wenzake kwa shida, yeye alikuja nalo kutoka nyumbani. Kama si ile ramani ningeendelea kumfundisha kitu anachokijua, kwa lugha asiyoijua, na kumpa sifuri.

MKUFUNZI: Mwanasaikolojia David Ausubel alilishikilia hilo katika miaka ya 1960, na Novak alijenga juu yake: kinachoamua zaidi mtoto atajifunza nini ni kile alichonacho tayari, kwa hiyo mwalimu akitafute kwanza. Sisi hapa tunaanza kwa kukitupa. Mtoto akivuka mpaka tunampima lugha, tunaandika darasa. Tangu 2007 sera yetu inasema P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, P4 wageuze kuingia Kiingereza. Lugha ya eneo hapa ni Runyankore, ambayo kwa mtoto wa Uvira, Kongo, ni ngeni kama Kiingereza tu. Sera iliandikwa ikimfikiria mtoto aliyezaliwa na atakayekua mahali pamoja.

MAMA: Na hicho Kiswahili chenyewe, si serikali imekipitisha?

MKUFUNZI: Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shule za msingi na sekondari. Kwa S1 na S2 ni somo la lazima katika mtaala mpya. Lakini ni somo, mama. Kinafundishwa chenyewe. Kufundishia jiografia ni jambo jingine, na hapo Mwalimu anafanya asichoagizwa.

MWALIMU: Nafanya kisichokatazwa.

DOS: Mngoje, nami nasoma. Mnadhani DOS anajua ratiba peke yake. Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha utafiti katika jarida la Science. Waliwapa wanafunzi matini ya sayansi. Kundi moja likachora ramani za dhana huku matini iko mbele yao. Jingine likasoma, likafunga, likaandika linachokumbuka, likasoma tena, likaandika tena. Baada ya wiki wakapimwa. Waliofunga kitabu na kukumbuka waliwashinda wachoraji. Na msiniambie ni kwa sababu mtihani ulikuwa wa kukariri, maana walipimwa pia kwa maswali ya kuunganisha hoja. Kuna jaribio ambamo walipewa mtihani wa kuchora ramani yenyewe, na bado wakumbukaji walishinda. Sasa mimi nina dakika 80 na ndiyo mali yangu yote. Niambieni kwa nini nisiwape watoto maswali na kitabu kilichofungwa, nikaepuka kelele.

MWANAFUNZI: Aaa, DOS.

MKUFUNZI: Utafiti huo naujua, na wapenda ramani waliukasirikia bila sababu. Mimi naukubali wote. Ila soma na wa pili. Blunt na Karpicke haohao, mwaka 2014, waliwaambia wanafunzi wachore ramani kitabu kikiwa kimefungwa. Matokeo yakawa sawa na ya walioandika aya kwa kukumbuka. Ramani haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuchora huku unachungulia. Na kuna watu wawili Kanada, John Nesbit na Olusola Adesope, ambao mwaka 2006 walikusanya tafiti 55 zenye washiriki zaidi ya 5,800. Ramani zilisaidia sana zikilinganishwa na kusoma au kukaa kusikiliza mwalimu. Zikilinganishwa na kuandika muhtasari, tofauti ilikuwa ndogo.

DOS: Ndogo! Basi waandike muhtasari. Muhtasari unakaa daftarini, mama ataona.

MKUFUNZI: Muhtasari wa watu sita unauandikaje? Mmoja anaandika, watano wanangoja. Ramani watu sita wanaweza kuitazama kwa wakati mmoja, wakainyooshea kidole na kusema hapa, hapa si kweli. Nigeria, Peter Okebukola wa Lagos aliwafanyia kazi hiyo wanafunzi wa baiolojia, na makala zake za mwaka 1992 zinahusu hasa uchoraji wa pamoja. Waliozoea kuchora, peke yao au kwa kikundi, walitatua matatizo ya baiolojia vizuri kuliko wasiochora. Nakutajia Lagos kwa sababu madarasa yao unayajua yalivyo. Purdue walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, kila mmoja na kiti chake, lugha moja, kitabu mkononi. Hakuna aliyemng'oa mwenzake kamba.

MWALIMU: Lakini DOS ameniumiza mahali. Mimi huwaacha watoto wachungulie. Hapa kitabu ni kimoja kwa kikundi, nikadhani kukiacha wazi ndiyo kuwatendea haki.

DOS: Unaona.

(Hapa ndipo nilipo mimi. Ugomvi wa kamba unafaa kufanywa pamoja, kwa lugha inayogombeka, vitabu vikiwa vimefungwa. Kinachofuata, yaani kukumbuka peke yako siku chache baadaye kwa lugha ya mtihani, hakiwezi kufanywa na kikundi kwa niaba yako. Semina nyingi za walimu hufundisha sehemu ya kwanza tu, hupiga picha ya manila ukutani, na kuondoka. DOS anaijua sehemu ya pili lakini anaitaka bila ya kwanza, na mtoto asiye na la kukumbuka atakumbuka nini?)

MAMA: Nina swali. Huyo mvulana wa Kifaransa, baada ya ile siku, alipandishwa darasa?

MWALIMU: Hapana.

MAMA: Kwa nini?

MWALIMU: Kwa sababu mimi ni msaidizi. Napendekeza tu.

DOS: Mama, kupandisha darasa kunahitaji mtihani, na mtihani ni wa Kiingereza. Usinitazame hivyo. Sikuandika mimi.

MAMA: Sikutazami. Natazama gunia.

MKUFUNZI: Kuna jambo la alama ambalo hatujaligusa, na kwa S2 haliepukiki. Tathmini endelevu inachangia asilimia 20 ya matokeo ya UCE, mtihani wa mwisho asilimia 80. Ramani ya kikundi ikiingia katika hiyo 20, tunampa nani?

MWALIMU: Isiingie.

MKUFUNZI: Isipoingia wataiona mchezo.

MWALIMU: Wakijua inaingia wataanza kumtafuta mwerevu wa kikundi awachoree. Leo yule wa Arsenal ananisumbua. Kesho atakuwa kimya, amejificha nyuma ya msichana mmoja anayefanya yote, na mimi nitamwandikia alama za msichana huyo. Afadhali anisumbue.

MWANAFUNZI: Na sisi hatutamng'oa mtu kamba tena. Ukiogopa kupoteza alama unakubali chochote ili muda usiishe. Siku ile tulichelewa, hatukumaliza hata vipande vyote. Kama ingekuwa ya alama tungeliacha "wakimbizi humaliza miti" palepale tukaendelea.

DOS: Hilo sikulifikiria.

MKUFUNZI: Nami nilikuja na jedwali la kusahihishia mkobani. Visanduku vingapi, mishale mingapi, viunganishi vya kuvuka upande vingapi. Tunawafundisha walimu kuhesabu hivyo.

DOS: Lirudishe mkobani. Lakini msikimbilie kushangilia. Mimi mwisho wa mwaka naulizwa namba, na Madamu anaulizwa namba, na wafadhili wanaolipa nusu ya walimu wa shule hii wanataka namba kuliko sisi sote. Kitu kisicho na alama hakipo kwenye ripoti, na kisichokuwepo kwenye ripoti mwaka kesho hakina kipindi.

MWALIMU: Basi weka alama kwenye kile wanachokifanya peke yao. Jumanne wagombane kwenye gunia. Ijumaa kila mtoto anapata karatasi tupu, hakuna kitabu, hakuna jirani, achore ramani ya mto kwa Kiingereza na aandike aya moja ya ushauri kwa mkulima wa juu ya mto. Hiyo isahihishe unavyotaka. Na inabaki daftarini, Mama ataiona.

MAMA: Nitaonaje kama ni sahihi?

MWALIMU: Mwambie akusomee kwa Kiswahili, kamba kwa kamba. Akikwama kwenye mshale utamsikia tu, hata kama Kiingereza chake hukisomi.

MAMA: Hiyo nitaiweza.

DOS: Kusahihisha karatasi mia kila Ijumaa, nani? Mimi sina mwalimu wa ziada.

MWALIMU: Ishirini kila wiki, kwa zamu. Wao hawajui ni zamu ya nani.

DOS: Kwa muda gani?

MWALIMU: Muhula mzima.

DOS: Nakupa wiki tatu.

MWALIMU: Wiki tatu hata kanuni ya kushika kamba hawajaizoea. Wiki tatu unanipa nishindwe.

DOS: Nusu muhula. S2 peke yake, jiografia peke yake. Na vitabu vifungwe, nitapita dirishani.

MAMA: Na P6?

DOS: P6 hapana, mama. Mwaka kesho wana PLE.

MAMA: Ndiyo maana nauliza.